Helmholtz: Tabibu wa jeshi aliyeiona retina kabla ya wote

DEREVA wa lori anayekatiza Mikumi usiku akielekea Tunduma anaijua hali hii: taa zikipiga kichakani, macho ya wanyama yanawaka kama makaa. Lakini mmulike tochi utingo aliyeketi pembeni yake, katikati ya jicho utaona tundu jeusi tu. Kwa karne nyingi waganga na madaktari waliutazama weusi huo bila kuupenya. Walijua kwamba nyuma ya tundu hilo kuna kiwambo chembamba kinachopokea mwanga, yaani retina, kwa kuwa walikikuta katika macho ya maiti. Ila hakuna aliyekuwa amekiona vizuri ndani ya jicho la mtu aliye hai.

Aliyelifumbua fumbo hilo ni Mjerumani Hermann von Helmholtz, mwishoni mwa mwaka 1850, akiwa na umri wa miaka 29. Vifaa vyake vilikuwa lenzi za miwani, vipande vyembamba vya kioo vya kufunikia sampuli za hadubini, kadibodi na gundi. Skani za kisasa zinazoonyesha retina tabaka kwa tabaka ni kizazi cha kifaa hicho.

Maisha ya mtu huyu yanawagusa wafanyabiashara wanaovuka mipaka yetu kila wiki, kutoka Namanga hadi Rusumo, kutoka Busia hadi Mutukula. Kwanza, kwa sababu maradhi mengi ya retina hayaumi, na mtu huendelea na safari zake huku jicho likiharibika. Pili, kwa sababu Helmholtz alizaliwa wakati nchi yake ilikuwa vipande vipande vya falme na forodha, akazeeka akisimamia taasisi iliyohakikisha kwamba kipimo cha mji mmoja ni kipimo hicho hicho katika mji mwingine.

Mtoto wa mwalimu

Helmholtz alizaliwa tarehe 31 Agosti 1821 mjini Potsdam, karibu na Berlin, katika ufalme wa Prussia. Baba yake alikuwa mwalimu wa sekondari, mpenzi wa falsafa na lugha za kale, mwenye mshahara wa mwalimu na watoto wa kulisha. Hermann, kifungua mimba wa familia, alikuwa mtoto wa kuugua mara kwa mara, na miaka yake ya mwanzo ilipita zaidi kitandani na ndani ya nyumba.

Shuleni hakuwa yule mwanafunzi anayeng'aa kwa kukariri. Orodha za maneno na kanuni za sarufi zilimtoka kichwani. Alichokipenda ni mambo yanayofuata sababu, ambapo jambo moja linazaa jingine. Wenzake walipokuwa wakisoma Kilatini, yeye chini ya dawati alikuwa akichora njia za miale ya mwanga ndani ya darubini. Hesabu hizo za utotoni zilikuja kumfaa baadaye.

Alitaka kusoma fizikia. Baba hakuwa na fedha. Fizikia wakati ule haikuwa na ajira ya uhakika, na karo ya chuo kikuu haikuwa ndogo. Kulikuwa na mlango mmoja tu kwa kijana mwenye akili kutoka nyumba isiyo na kitu: chuo cha tiba cha jeshi mjini Berlin, kilichosomesha bure kwa sharti kwamba mhitimu atalitumikia jeshi kama tabibu kwa miaka minane. Mwaka 1838 Helmholtz akaingia chuoni hapo, akiwa na umri wa miaka 17.

Mzazi yeyote anayehangaika na ada analielewa jambo hilo. Kijana hakuchagua udaktari kwa mapenzi. Aliuchukua kwa sababu ndio uliokuwa na mlipaji. Hata hivyo, hakuiacha fizikia. Aliibeba akaingia nayo hospitalini, na mchanganyiko huo ndio uliozaa kila kitu kilichofuata.

Hadubini iliyonunuliwa kwa homa

Mjini Berlin alifundishwa na Johannes Müller, bingwa wa fiziolojia ambaye wanafunzi wake wengi walikuja kuwa majina makubwa. Mwaka 1841 Helmholtz aliugua homa ya matumbo na kulazwa. Kwa kuwa mwanafunzi wa chuo chake alitibiwa bure, posho yake ilijikusanya wiki hadi wiki alipokuwa kitandani. Alipopona alizichukua fedha hizo akanunua hadubini ndogo, isiyo ya gharama. Kwa hadubini hiyo alichunguza neva za wadudu na wanyama wadogo, na kazi hiyo ikampatia shahada ya udaktari mwaka 1842.

Mwaka uliofuata alipelekwa kuwa tabibu wa kikosi cha wapanda farasi huko huko Potsdam. Kazi haikuwa nyingi wakati wa amani. Akatengeneza maabara ndogo kambini na kuendelea na majaribio yake ya kupima joto linalozalishwa na misuli ya chura.

Majaribio hayo yalimpeleka kwenye hoja kubwa zaidi. Mwaka 1847, akiwa bado na sare ya jeshi, aliwasilisha mbele ya Chama cha Fizikia cha Berlin andiko lake kuhusu uhifadhi wa nishati. Mfanyabiashara anaweza kulielewa kwa mfano wa daftari la mauzo. Kilichotoka upande mmoja lazima kionekane upande mwingine. Makaa yakichomwa, nguvu yao haipotei, inageuka kuwa joto na mwendo wa mtambo. Chakula kikiliwa, nguvu yake inatoka kama joto la mwili na kazi ya mikono. Hakuna kinachotoka hewani bure na hakuna kinachotoweka.

Wengine walikuwa wamelikaribia wazo hilo kwa njia zao, hasa daktari Julius Robert Mayer wa Ujerumani na James Joule wa Uingereza. Helmholtz ndiye aliyelifunga kwa hesabu na kulisambaza katika matawi yote ya fizikia. Jarida kubwa la fizikia la wakati ule lilikataa kulichapisha andiko hilo, likiona ni la nadharia mno. Akalitoa mwenyewe kama kijitabu. Leo kila mwanafunzi wa sekondari katika nchi zetu hufundishwa kanuni hiyo.

Umaarufu wake ukaanza. Mwaka 1848, kwa msaada wa msomi na msafiri mashuhuri Alexander von Humboldt, aliruhusiwa kuondoka jeshini kabla ya miaka yake minane kwisha. Alifundisha anatomia kwa muda katika chuo cha sanaa mjini Berlin, na mwaka 1849 akapewa uprofesa wa fiziolojia huko Königsberg, mji wa pwani ya Baltiki ambao leo ni Kaliningrad ndani ya Urusi. Mwaka huo huo alimuoa Olga von Velten.

Kwa nini mboni ni nyeusi

Mwaka 1850 ulikuwa wa baraka. Mtoto wao wa kwanza, Käthe, alizaliwa. Helmholtz alifanikiwa kupima kasi ya taarifa inayosafiri ndani ya neva ya chura, jambo ambalo mwalimu wake Müller aliamini halitawezekana. Kasi ilikuwa makumi machache tu ya mita kwa sekunde, wakati wengi walidhani ni ya papo hapo kama umeme. Kisha, akiandaa somo la wanafunzi wake kuhusu mwanga unaorudi kutoka jichoni, akajiuliza swali lililokuwa mbele ya watu wote: mwanga unaoingia jichoni unakwenda wapi?

Jibu lake lilikuwa rahisi likishasemwa. Mwanga haumezwi wote. Sehemu yake hurudi nje, lakini hurudi kwa njia ile ile ulioingilia, kuelekea ulikotoka. Ukitaka kuuona, lazima jicho lako liwe pale pale taa ilipo. Ukiweka kichwa chako mbele ya taa, unaizuia. Ukikaa pembeni, mwanga unaorudi unakupita. Kwa hiyo katika hali ya kawaida tundu huonekana jeusi.

Wanyama wa usiku wana ngozi inayong'aa nyuma ya retina, kwa hiyo mwanga wao unaorudi ni mkali, na dereva aliyeketi karibu na mstari wa taa zake huupata. Jicho la binadamu halina ngozi hiyo, lakini nalo hurudisha kidogo. Ndiyo sababu picha za harusi zinazopigwa kwa fleshi hutoa macho mekundu: taa na lenzi ya kamera vimekaa karibu sana.

Rafiki yake Ernst Brücke alikuwa amebakiza hatua moja tu. Alikwisha kuona macho ya watu yaking'aa kwa taa iliyowekwa vizuri, lakini hakuuliza ni picha gani ingetokea kama miale hiyo ingekusanywa kwa lenzi. Nchini Uingereza, mwanahisabati Charles Babbage naye alikuwa ametengeneza chombo kinachofanana na hicho mwaka 1847 na kumwonyesha daktari wa macho, lakini hakikupewa uzito na wala hakukitangaza.

Helmholtz aliweka vipande vyembamba vya kioo mshazari mbele ya jicho. Mwanga wa taa iliyokuwa pembeni uligonga vioo hivyo na sehemu yake ikaingia jichoni mwa mgonjwa. Uliporudi, sehemu yake ilipenya vioo hivyo hivyo na kufika kwenye jicho la mtazamaji lililokuwa nyuma yake. Lenzi ya miwani ikaisafisha picha. Kwa njia hiyo, taa na jicho la daktari vikawa kana kwamba vimekaa mahali pamoja.

Haikufaulu siku ya kwanza. Alihangaika kwa takriban wiki moja, na kilichomshikilia ni hesabu zake zilizomwambia kwamba lazima ifaulu. Kisha akaiona: uwanja mwekundu, mishipa ya damu ikitambaa kama mito kwenye ramani, na doa jeupe pale neva ya jicho inapoingia. Hakuna mahali pengine mwilini ambapo mishipa ya damu inaweza kuonekana wazi namna ile bila kupasua.

Tarehe 6 Desemba 1850 taarifa yake ilisomwa mbele ya Chama cha Fizikia cha Berlin. Mwaka 1851 akachapisha kijitabu kilichoeleza kifaa hicho, ambacho kwa Kijerumani kiliitwa kioo cha jicho. Alieleza nadharia na ujenzi wake hatua kwa hatua, hivyo fundi yeyote mwenye ujuzi angeweza kukitengeneza. Fundi vyombo wa Königsberg aitwaye Rekoss akaongeza gurudumu lenye lenzi mbalimbali ili daktari asilazimike kuzibadilisha moja moja. Vifaa vya kuchungulia macho vinavyotumika hata leo katika zahanati zetu bado vina gurudumu kama hilo.

Graefe na vita dhidi ya upofu

Helmholtz hakuwa daktari wa macho. Aliyekichukua kifaa na kukipeleka kwa wagonjwa ni kijana mwingine, Albrecht von Graefe, aliyefungua kliniki mjini Berlin na kuwatibu maskini bila malipo. Kabla ya hapo, madaktari waliweka kapu moja la upofu ambao mgonjwa haoni kitu na daktari naye haoni kitu kilichoharibika. Kwa kioo kile, kapu likaanza kutenganishwa.

Graefe na wenzake waliona neva iliyobonyea kwa presha ya macho, yaani glaukoma. Mwaka 1857 alitangaza upasuaji ulioweza kuokoa macho katika presha kali ya ghafla, ugonjwa ambao hadi wakati huo ulimaanisha giza. Huko Vienna, Eduard Jäger alieleza mwaka 1855 mabadiliko aliyoyaona ndani ya jicho la mgonjwa wa kisukari. Alichora retina kwa mkono, mstari kwa mstari, kwa kuwa kamera ya kazi hiyo haikuwapo.

Graefe alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1870, akiwa na umri wa miaka 42 tu. Mwaka 1886 madaktari wa macho waliokutana Heidelberg walimtunuku Helmholtz medali yenye jina la Graefe. Mzee huyo alikubali heshima lakini akajiweka mahali pake: alijifananisha na mhunzi anayefua patasi, huku sanamu ikichongwa na wengine.

Kuvuka mipaka ya Wajerumani

Ujerumani ya ujana wake haikuwa nchi moja. Ilikuwa mkusanyiko wa falme, tawala ndogo na miji huru. Umoja wa forodha ulioongozwa na Prussia ulianza mwaka 1834, Helmholtz akiwa na miaka 12, na bidhaa zikaanza kupita kati ya wanachama bila ushuru wa ndani. Muungano wa kisiasa ulikuja miaka 37 baadaye, mwaka 1871. Msomaji anayefuatilia safari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ataona mfanano wa hatua hizo, ingawa Wajerumani walifika mwisho wake kupitia vita, njia ambayo hakuna anayeitamani.

Wasomi nao walivuka mipaka hiyo kutafuta maabara na mshahara bora. Baridi ya Königsberg haikumfaa Olga, aliyekuwa na afya dhaifu, na mwaka 1855 familia ikahamia Bonn. Mwaka 1858 Helmholtz aliondoka Prussia na kwenda Heidelberg katika utawala wa Baden, uliomwahidi mazingira mazuri ya kazi. Hata hivyo, mwishoni mwa 1859 Olga alifariki na kumwachia watoto wawili wadogo. Baba yake alikuwa amefariki mwaka huo huo.

Alirudi kazini taratibu. Mwaka 1861 alimuoa Anna von Mohl, binti wa profesa, aliyegeuza nyumba yao kuwa mahali pa kukutania wasomi na wasanii. Katika miaka ya Heidelberg alikamilisha kitabu chake kikubwa kuhusu sayansi ya kuona, kilichotoka kwa sehemu kati ya 1856 na 1867, na kingine kuhusu sauti na muziki kilichotoka 1863. Alieleza jinsi lenzi ya jicho inavyobadili umbo tunapotazama karibu, na akaendeleza hoja ya Mwingereza Thomas Young kwamba rangi zote tunazoziona zinatokana na aina tatu za vipokezi katika retina.

Mgeni wa Marekani na siri ya skani

Mwaka 1871 Helmholtz alipata alichokitaka tangu utotoni. Aliitwa Berlin kuwa profesa wa fizikia. Mtoto wa mwalimu ambaye hakuweza kulipia masomo ya fizikia sasa ndiye aliyekuwa kinara wa fizikia katika mji mkuu wa dola mpya. Mwanafunzi wake Heinrich Hertz ndiye aliyethibitisha kuwapo kwa mawimbi ya redio, yale yale yanayobeba simu zetu za mkononi.

Mwaka 1880 alifika katika maabara hiyo ofisa kijana wa jeshi la majini la Marekani, Albert Michelson. Alitengeneza chombo kinachogawa mwale mmoja wa mwanga kuwa miwili, kuipeleka njia mbili tofauti, kisha kuikutanisha tena. Kama njia zimetofautiana hata kwa kiasi kidogo mno, mawimbi ya mwanga yanapishana na tofauti hiyo inaonekana. Mitikisiko ya mji wa Berlin ilikivuruga chombo hicho, kwa hiyo mwaka 1881 jaribio likahamishiwa kwenye kituo cha anga cha Potsdam, mji aliozaliwa Helmholtz. Michelson alikuwa akipima mwendo wa dunia angani. Hakuwa na habari na macho.

Miaka 110 baadaye, mwaka 1991, timu ya watafiti wa Marekani wakiwemo David Huang na James Fujimoto ilichapisha njia mpya ya kupiga picha ya retina. Msingi wake ni chombo kile kile cha Michelson. Mashine hutoa mwanga dhaifu na kuugawa: sehemu moja inaingia jichoni, nyingine inakwenda kwenye kioo kilicho umbali unaojulikana. Miale ikirudi inakutanishwa, na kompyuta inasoma mapishano yake ili kujua kila tabaka la retina limekaa kina gani. Skani hiyo inajulikana kwa herufi OCT.

Retina ni nyembamba, karibu robo ya milimita katika sehemu nyingi. Daktari anayechungulia kwa kioo cha Helmholtz anaiona kwa juu, kama mtu anayetazama shamba kutoka mlimani. OCT inalichimba shamba hilo na kuonyesha udongo tabaka kwa tabaka, kwa vipimo vya sehemu za elfu za milimita. Maji yaliyovuja katikati ya retina kwa sababu ya kisukari yanaonekana na unene wake unapimwa. Nyuzi za neva zinazokonda kwa glaukoma huweza kuonekana hata kabla mgonjwa hajaona tofauti yoyote. Mgonjwa anaegemeza kidevu, anatazama alama, na kwa muda mfupi kazi imekwisha. Hakuna sindano, hakuna eksirei, hakuna maumivu.

Kwa hiyo uchunguzi wa retina una mizizi miwili, na yote miwili imepita mikononi mwa mtu mmoja: kioo alichokibuni mwenyewe Königsberg, na chombo ambacho mgeni wake alianza kukijaribu chini ya paa la maabara yake Berlin.

Kipimo kimoja kwa wote

Miaka ya mwisho Helmholtz aliitumia kwenye jambo ambalo wafanyabiashara watalielewa kuliko wasomi. Viwanda vya Ujerumani vilikuwa vinakua haraka, lakini vipimo vya joto, umeme na mwanga havikulingana kutoka karakana hadi karakana. Mwenye viwanda Werner von Siemens alitoa ardhi Charlottenburg, pembeni mwa Berlin, ili ijengwe taasisi ya taifa ya fizikia na vipimo. Ilianzishwa mwaka 1887, na Helmholtz akawa rais wake wa kwanza.

Yeyote aliyebishana kuhusu gunia la mahindi lililopimwa kilo fulani upande mmoja wa mpaka na kilo pungufu upande wa pili anajua thamani ya kazi hiyo. Mrithi wa taasisi hiyo, PTB ya Ujerumani, ameshirikiana na Jumuiya ya Afrika Mashariki katika masuala ya viwango na vipimo, eneo ambalo Jumuiya ililitungia sheria mwaka 2006.

Furaha ya nyumbani haikudumu. Käthe alikuwa amefariki mwaka 1877. Mwanawe Robert, aliyefuata njia ya fizikia, alifariki 1889. Januari 1894 Hertz, mwanafunzi aliyempenda sana, alifariki akiwa na miaka 36. Helmholtz mwenyewe alikuwa amesafiri hadi Chicago mwaka 1893 kwa mkutano wa kimataifa wa umeme. Akiwa njiani kurudi alianguka ngazi melini na kuumia kichwa, na hakurudi kuwa yule wa zamani. Julai 1894 alipata kiharusi, na tarehe 8 Septemba mwaka huo akafariki Charlottenburg, akiwa na miaka 73.

Deni lililobaki kwetu

Helmholtz alifungua dirisha, lakini dirisha lina faida kwa anayelisogelea. Mfanyabiashara mwenye kisukari anaweza kupakia mzigo alfajiri, kuvuka mpaka, kuhesabu noti na kusoma fomu za forodha bila shida, huku mishipa ya retina ikivuja polepole. Akianza kuona ukungu, sehemu ya uharibifu mara nyingi imekwisha kufanyika. Leza na sindano za ndani ya jicho huweza kuzuia hali isizidi, na wakati mwingine kurudisha kiasi fulani cha uwezo wa kuona, lakini hazifufui kilichokufa.

Ndiyo maana madaktari wanawashauri wenye kisukari kupimwa retina angalau mara moja kwa mwaka, hata kama wanaona vizuri. Anayeona ghafla vitu vingi vyeusi vikielea, mwanga ukimetameta pembeni mwa jicho au kivuli kama pazia linalofunga, asisubiri kumaliza safari. Retina inaweza kuwa inabanduka, na hapo kila saa ina hesabu yake.

Si lazima kila mahali pawe na mashine ya OCT ili mtu achunguzwe. Katika utafiti uliofanyika Nakuru, Kenya, kuanzia mwaka 2013, picha za nyuma ya jicho zilipigwa kwa simu ya mkononi iliyofungwa kifaa kidogo, na zilifaa kutathmini neva ya jicho. Simu hiyo inatumia kanuni ile ile ya Königsberg: taa na jicho linalotazama vikae karibu kama kitu kimoja.

Kwa anayeishi kati ya nchi mbili kuna jambo moja zaidi. Faida kubwa ya skani iko kwenye kulinganisha picha ya leo na ya mwaka jana. Aliyepimwa Kisumu mwaka jana na akaenda Kampala mwaka huu mikono mitupu anamlazimisha daktari kuanza upya. Tena mashine za kampuni tofauti hazitoi unene sawasawa kwa jicho lile lile, kwa hiyo namba peke yake haitoshi. Omba nakala ya picha yenyewe, iwe karatasi au faili kwenye simu, na hakikisha imeandikwa tarehe na aina ya mashine. Iweke pamoja na pasi yako ya kusafiria na cheti cha chanjo.

Dereva wa Mikumi ataendelea kuona macho yakiwaka gizani. Ya kwake mwenyewe hawezi kuyaona kwa ndani. Kazi hiyo inahitaji jicho la mtu mwingine, na njia ya kuifanya imekuwapo tangu 1851.